Mtoto Pekee wa Kawaida

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mume wangu akiwa amelala chali chini ya sinki la mteja. Huyu ni fundi bomba asiyeacha kazi hata nyumba ikiungua, lakini siku hiyo aliiacha, akaja nyumbani na spana mkononi.

"Mtoto wako yuko nje ya kawaida," alinisomea. "Muhula ujao atahamishiwa darasa la uangalizi." Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Hii si ile kazi yenu?"

Ndiyo, ilikuwa kazi yetu. Mimi ni mtakwimu katika idara ya elimu, na maneno ya ujumbe ule niliyaandika mwenyewe, tena nikajisifu kwamba ni ya upole. Programu yetu inachukua vipimo vya kila mtoto wa darasa la pili, inatafuta katikati yao wote, halafu inapima kila mmoja yuko umbali gani kutoka hapo katikati. Aliye mbali mno anatolewa darasani kwake, anapelekwa shule nyingine ng'ambo ya mji akasaidiwe. Nilipoandika "akasaidiwe" sikuwa nikimfikiria Chiriku.

Chiriku ni binti yetu, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Anaongea akila, anaongea akioga, na usingizini bado ana hoja. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Kusoma anasoma vizuri, ila picha ikimchekesha ndiyo basi. Nje ya kawaida? Jumamosi nzima nilimchunguza, na kila alichofanya nikakiona kigeni. Alivaa kiatu cha kulia kwanza. Je, watoto huanza na cha kulia? Alihesabu madirisha ya nyumba ya jirani kwa sauti. Je, wengine nao huhesabu? Nilianza kumwogopa mwanangu mwenyewe, Mungu anisamehe.

"Usimwambie mtu," mume wangu alisema. "Hata mama yako."

Sikumwambia hata mama. Jirani yetu mwenye mapacha, ambaye habari zake husikika mpaka mtaa wa pili, alinisalimia juu juu akainamisha macho. Nikajua tayari ameshazipata habari zetu, nikamchukia bure.

Jumatatu niliwahi ofisini nikafungua matokeo ya mji mzima. Vipimo vyenyewe vimefungwa, kwa kuwa siri za watoto si za kuchezea; sisi tunaona umbali tu, na simu na anwani ya mzazi. Niliiuliza programu walio nje ya kawaida ni wangapi, ikanipa wote. Nikadhani nimekosea, nikauliza upya. Wote tena. Maelfu kwa maelfu ya watoto, kila mmoja nje ya kawaida, isipokuwa mmoja. Kumbe mji mzima ulikuwa umepokea ujumbe uleule, na kila mzazi aliukalia kimya kwa aibu, wa mapacha akiwemo. Mficha uchi hazai, wanasema. Sisi tulikuwa tumeshazaa, na bado tunaficha.

Nikaenda kwa Mkuu wa kitengo, nikachukua kalamu ya ubao wake bila kuomba.

"Tulipofanya majaribio tulikuwa na vipimo vitano," nilimwambia. "Urefu, uzito, kusoma, kuhesabu, mahudhurio. Watoto wengi walikaa karibu na katikati. Wewe ukasema tuongeze. Tumeongeza mpaka mia nne. Sasa kila kipimo kinamsogeza mtoto kidogo: huyu kwa meno, yule kwa mkono wa kushoto, mwingine kwa usingizi. Nani ana ukawaida wa mambo mia nne kwa mpigo? Vipimo vimeongezeka, umbali umekua, na mpaka wetu tumeuacha palepale."

Mkuu anapenda data kuliko mshahara. "Data ikizidi, ukweli unazidi," alisema. "Labda watoto wa mji huu wote wana tatizo. Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria, na ubaya ni kwamba hapo hapo nikaanza kulifikiria.

"Halafu huyo mmoja," akaendelea. "Kama hesabu ndiyo mbovu, yeye kapitaje?"

Hapo nilikwama. Mtoto yule hakupita tu; alikaa katikati kabisa, umbali wake sufuri. Hesabu yangu ilisema mtoto wa hivyo hawezi kuwepo. Programu ilisema yupo, na mama yake ana simu. Nilirudia mahesabu kwa njia mbili, zote zikaja sawa, na kila moja ikakanusha kile nilichokiona kwenye skrini. Nilijiona mjinga, mimi na shahada zangu.

"Kamtafute," Mkuu alisema. "Ukinithibitishia kwamba huyo ni kosa, nasimamisha kila kitu. La sivyo uhamisho uko palepale, na wa kwako akiwemo."

Njiani sikujielewa. Nilitamani kumwona huyo mtoto anayecheka kwa kiasi na kulia kwa kiasi, nijue Chiriku wangu amepungukiwa nini. Na wakati huohuo nilikuwa naomba, kwa moyo wangu wote, asiwepo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Nilimkuta kwenye chumba chenye mlango wa barabarani, amezungukwa na mashati meupe ya shule yasiyo na vifungo. Nilimwambia nimetoka idara ya elimu, nimekuja kwa habari ya mtoto wake. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Ni nyinyi mlionitumia huu?" Akanionyesha simu. *Mtoto wako yuko ndani ya kawaida. Usiwe na wasiwasi.*

"Ni sisi, mama. Naweza kumwona?"

Alinitazama kama anayepima iwapo namdhihaki. "Nilimwandikisha mwaka jana," alisema. "Shule hazijafunguliwa, homa ikamchukua. Hakuwahi kukalia dawati, mwanangu."

Nilitafuta pole na kutafuta hesabu kwa pamoja, na ya hesabu, kwa aibu yangu, ndiyo iliyotangulia. Programu haiwezi kupima nafasi tupu, kwa hiyo tuliielekeza kwamba ikikuta tupu ijaze wastani wa watoto wengine. Huyu jina lake lilibaki kwenye orodha, lakini alikuwa tupu kila mahali.

Nikampa mama pole, kisha nikampigia Mkuu nikiwa palepale mlangoni. "Ni kosa. Mtoto amefariki, hakupimwa hata mara moja. Vipimo vyote mia nne tumemjazia wastani."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi nasimamisha," alisema.

Chiriku anabaki darasani kwake. Furaha ilinipanda mpaka machoni, na nilipogeuka nikamkuta mama yule ananitazama usoni.

"Umefurahi," alisema.

"Nisamehe, mama. Nina binti wa umri uleule. Walitaka kumhamisha."

Alitikisa kichwa polepole, hakuonyesha kukasirika. Akapangusa vipande vya uzi magotini.

"Umesema mmemjazia. Kwa hiyo huko kwenu ana urefu?"

"Anao."

"Kiasi gani?"

Wastani ule naujua kwa kichwa. "Sentimita mia moja ishirini na mbili."

Akavua utepe wa kupimia shingoni, akaukanyaga ncha, akauvuta juu mpaka pale. Akaushikilia. Aliitazama ile nafasi kati ya sakafu na vidole vyake.

"Na mabega?"

"Mabega hatukupima."

"Vitu mia nne, na mabega hamkupima?"

"Hatukupima, mama."

"Basi kadiria," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Kichwani hapakuwa na hesabu yoyote. Nikanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, nikaiacha kwa upana ule ninaoushika kila asubuhi nikimvalisha Chiriku sweta, na mama yule akaja na utepe wake, akapima.