Bolti Kumi na Sita

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wakati wachuuzi wa Mtaa wa Mkunguni wakigombania nafasi za kivulini, Bushiri fundi alikuwa ameshalala chali gerejini, chini ya gari la Bwana Pelham, Mwingereza. Lilikuwa gari la mbio, la kijani, lililokaa chini mno hata kuku wa Kariakoo walilitazama kwa dharau. Breki zake zilishikwa na bolti kumi na sita, nne kila gurudumu. Bushiri alizikaza kwa msalaba: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Hakuwahi kuzifuata kwa duara, maana bolti za duara zinadanganyana, hii ikikaza ya jirani inalegea. Akimaliza, alichovya kijiti kwenye hina iliyobaki kwa mkewe Siti, mpambaji wa maharusi pale Ilala, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye kila bolti hadi kwenye bamba lake. Mstari ukikatika, bolti imetembea. Kazi haikutaka akili nyingi, ilitaka macho na kurudia kila siku, na Bushiri aliipenda hivyohivyo.

Mwaka 1956, akiwa na miaka mitatu kwenye kazi hiyo, bolti zilimwingia mabegani. Ziliingia taratibu, bila homa. Za upande wa kulia zikilegea hata robo mzunguko, bega la kulia lililegea na chai ikamwagika. Bwana akikanyaga breki popote mjini, mabega yote mawili yalibana, kama mtu aliyeshikwa na rafiki kwa nyuma. Siti alimkanda kwa mafuta ya nazi wiki mbili, halafu akazoea. Majirani nao walizoea. Tabu ilikuwa moja tu: Bushiri hakutulia tena. Gari likiwa barabarani alikaa akasimama, alitoka nje akarudi, alikula nusu sahani akaisukuma.

Jumamosi moja ya Mei, mwaka uliofuata, alikuwa mkekani uani, Siti akimkanda. Ilikuwa saa kumi alasiri. Mabega yalikuwa imara kama mlango mpya. Mara yakagongwa, kishindo kimoja kizito. Kisha, baada ya muda wa kutosha mtu kusema bismillahi, ndipo yakabana, kwa nguvu iliyomfanya Siti aondoe mikono.

"Kakanyaga," Siti akasema.

"Kagonga kwanza, Mama Zena," Bushiri akamjibu mkewe. " Kukanyaga kaja kukanyaga baadaye."

Aliyegongwa alikuwa Bakili, mchukuzi wa sokoni, kwenye kona ya Msimbazi, na mkokoteni wake wa viazi. Viazi vilitapakaa hadi ng'ambo ya barabara na watu walivirudisha kimoja kimoja, lakini Bakili hakuamka. Bwana Pelham aliwaambia polisi kwamba alikanyaga breki mapema, ila breki hazikushika. Fundi hakukaza bolti, alisema. Walimchukua Bushiri kabla ya magharibi, mikono bado ina mafuta ya nazi.

Mahakamani alieleza yote, tangu msalaba hadi mabega. Elisaria, karani mkalimani kutoka Machame, aliyatafsiri maneno yake kwa Kiingereza bila kupandisha wala kushusha sauti. Hakimu aliuliza kama bega la kushoto huanza kabla ya la kulia. Bushiri akajibu kwamba yanaanza pamoja. Hakimu akaandika.

Kisha akaagiza gari liletwe nje, Bushiri ageuzwe atazame ukuta, na askari akanyage breki atakavyo. Askari alikanyaga mara saba. Mara saba Bushiri aliinua mkono. Safari ya nane askari alijifanya tu, mguu ukaishia hewani, na mkono wa Bushiri haukuinuka. Mistari ya hina nayo ilikaguliwa, ikakutwa imenyooka yote kumi na sita. Siti, aliyekaa benchi la nyuma, alianza kukunja mkeka aliokuja nao, akiamini wanarudi nyumbani.

Hakimu alivaa miwani akasoma. Mahakama imeridhika, bila shaka yoyote, kwamba mabega ya mshtakiwa na breki za gari ni kitu kimoja. Kwa hiyo breki zilikuwa mwilini mwa mshtakiwa, chini ya ulinzi wake, si chini ya mguu wa Bwana Pelham. Miezi kumi na minane jela. Elisaria alitafsiri hadi mwisho, akafunga daftari, na alipopita karibu na Siti akasema, "Pole sana, mama."

Gereji ilimpata fundi mpya, Kasmir, mtu mpole aliyekaza kwa duara. Wiki ya kwanza tu mabega ya Bushiri yalianza kucheza. Usingizini yaligonga ukuta, na kwenye kuvunja kokoto nyundo ilimchomoka ikaenda kwa wenziwe. Wafungwa walilalamika. Mkuu wa gereza alimwandikia Bwana Pelham barua ya adabu, akimwomba alete gari lake likazwe, kwa kuwa linawasumbua watu.

Tangu siku hiyo gari lilifika getini kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Askari magereza aliyeitwa Pius alimfungulia Bushiri, akasimama karibu ameshika spana na hina aliyoileta Siti.

"Kaza sawasawa, Fundi," Bwana alisema, akivuta sigara. "Siamini mtu mwingine."

"Ndiyo, Bwana."

Asubuhi moja Bushiri alifika kwenye bolti ya kumi na sita, spana ikasimama. Hasira ilimpanda hadi machozi yakamtoka kuelekea masikioni, maana alikuwa chali. Ailegeze nusu mzunguko tu, na Bwana angeyajua aliyomsingizia. Halafu akaiona kona ya Msimbazi ilivyo saa kumi alasiri, na nani huwa anapita pale. Akaikaza. Akachora mstari.

Jumamosi hiyo hakutulia. Alizunguka ua wa gereza, akakaa, akasimama.

"Zimekaza?" Pius akauliza.

"Zimekaza. Uliniona."

"Nilikuona, Fundi."

Mabega yalikuwa imara. Yaligongwa mara moja. Bushiri alishika ukuta, akangoja, na Pius naye akangoja, akimtazama shingo. Muda wa bismillahi ukapita, ukapita tena. Ndipo yakabana.

"Nani?" Pius akauliza.

"Mabega hayasemi nani," Bushiri akajibu, akakaa chini akalia waziwazi.

Aliyegongwa alikuwa muuza kahawa, aliyekuwa akivuka na birika lake. Jumatatu hakimu alisoma daftari lake la zamani, akaona hakuna jipya, akaongeza miezi kumi na minane. Jumanne saa kumi na mbili na nusu gari lilifika getini likiwa na taa moja. Bushiri alilala chali, akatazama mistari ya hina, yote kumi na sita, imenyooka. Akanyoosha mkono nje, na Pius akampa spana.