Uduvi wa Arobaini ya Lavrenti

"Umewavuta samaki wangu, Kapa! Usinitumbulie macho kama hujui ninachosema!"

"Nimewavuta kwa kamba? Wamekuja wenyewe, wamefuata chakula."

"Chakula changu ndicho kilichowaleta kwenye ghuba hii! Nimewalisha peke yangu siku zote hizo, wewe umejilalia kwenye joto juu ya jiko la matofali na Timofei wako."

"Angalau mimi ninaye wa kulala naye."

Kapitolina mwenyewe alifumba mdomo kwa kiganja cha glavu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na juu ya barafu neno halina pa kujificha. Kwenye mashimo mengine ya kuvulia watu waliinama kama wanaokagua ndoano zao, masikio yote yakiwa huku. Jioni kila nyumba ya kijiji chao cha Kedrovka ingekuwa nalo, tena limetiwa chumvi.

Stepanida hakulia. Alichutama kando ya shimo lake, akaingiza mkono katika sanduku la mbao, akapapasa majani mabichi ya msonobari yaliyolowa. Alitoa uduvi gao moja la mkono. La mwisho.

Ziwa Baikal likiganda, uvuvi wake ni wa kulisha. Unatoboa barafu kwa mtaimbo, unamwaga uduvi hai, wale wadogo wa kijivu wanaoitwa bormash, nao wanashuka kilindini wakirukaruka. Samaki aitwaye omuli anawaona, anakuja na ukoo wake wote. Unamwaga tena, na tena, mchana kutwa, kesho yake vilevile, mpaka kundi lizoee kukaa chini ya shimo lako kama wageni wasioaga. Ndipo unashusha ndoano. Lakini ole wako sanduku likiisha. Kundi halina shukrani. Linahamia kwa jirani ambaye bado anamwaga, na jirani wa Stepanida alikuwa na sanduku lililojaa mpaka kwenye mfuniko.

Siku nyingine angemeza uchungu akaenda zake. Lakini kesho ilikuwa arobaini ya mumewe.

Lavrenti alikuwa ameondoka kwa homa ya mapafu, na mazishi yake yalikuwa ya aibu. Shamba la ushirika lilikuwa limeshakufa kabla yake, mishahara haikuonekana, duka lilikuwa na kiberiti na siki tu. Watu walirudi kutoka makaburini wakakalishwa mbele ya kabichi. Mama mkwe, Ulyana, mwanamke wa ng'ambo ya ghuba, mwenye ulimi wa kunyolea ndevu, alisema mbele ya kadamnasi: "Mwanangu amezikwa kama mbwa wa kituo cha treni." Sasa Ulyana alikuwa anakuja kwenye arobaini, na meza ya arobaini bila mkate mkubwa uliojazwa samaki si meza. Unga, dada yake Stepanida alikuwa amemletea. Samaki ndio hawakuwepo.

Alimwaga lile gao la mwisho. Akangoja. Kamba ikabaki imelegea mkononi. Hatua chache pembeni, Kapitolina alikuwa anatoa omuli mmoja baada ya mwingine, akiwatupa juu ya theluji, wanapiga mikia mara mbili tatu, wanaganda.

"Kapa," Stepanida alisema bila kumtazama, "nikopeshe uduvi. Bakuli moja."

"Bakuli moja! Nami nimwage nini, theluji? Timofei alivunjika mgongo kuwachota hawa kabla ya mwaka mpya. Nenda kijiziwani, shoga. Kijiziwa si cha mtu."

Basi akaenda. Alifunga sanduku tupu kwenye sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji, akachukua mtaimbo wa marehemu na ule wavu wa kukwangulia wenye mpini mrefu, akashika njia ya msituni. Kijiziwa kilikuwa nyuma ya misonobari, kidogo, kina kifupi, matope matupu chini, na uduvi wa kijiji kizima walitoka humo tangu enzi za mababu. Njiani alihesabia kichwani: sanduku likijaa, akimwaga mpaka giza liingie, kundi linaweza kurudi. Mkate mmoja tu. Hata mdogo. Hata wa samaki watatu, vitunguu vingi.

Jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa theluji. Ilikuwa laini, nyeupe, haina hata unyayo. Mashimo aliyokuwa akitoboa Lavrenti hayakuonekana kabisa. Alipiga mtaimbo mpaka mabega yakawaka, barafu ikampa kina cha mkono mzima, na ilipopasuka mwishowe maji yalipanda kwa nguvu, ya rangi ya chai, na harufu ikamsukuma nyuma. Mayai viza. Harufu ya ziwa lililokosa pumzi.

Alitumbukiza wavu hivyo hivyo. Ukatoka mzito. Akawamwaga juu ya theluji, na walikuwa wekundu. Uduvi hai ni wa kijivu. Mwekundu ni maiti, na samaki humkimbia maiti. Gao kwa gao, wekundu, wamejikunja kama kucha zilizokatwa.

Alikaa juu ya sleji. Sasa alikumbuka kitu alichokuwa akikiona kila majira ya baridi bila kukitilia maanani: mumewe akichukua mtaimbo baada ya chai, anasema anakwenda "kulipumulisha ziwa." Anazibua mashimo yote, moja moja, anayafunika kwa matawi yasigande upesi, anarudi ndevu zimeganda. Watu wakija na masanduku yao wanakuta mlango uko wazi, wanachota, wanaondoka. Kisha akaugua, akafa, yeye Stepanida akafungwa na msiba, na kijiji kizima kikaendelea kudhani kuna mtu anazibua.

"Lavrenti," aliita, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemwita aje kunywa supu. Halafu akapiga ukelele mmoja uliowarusha kunguru.

Mtu aliyeishiwa hufanya vitu ambavyo akili yake inavikataa waziwazi. Alijaza sanduku. Alilijaza wale wekundu, akachagua, akajiambia kwamba katikati kuna wa kijivu wawili watatu, kwamba omuli ni mlafi, kwamba kule kilindini ni giza na samaki hajui rangi. Akaburuta sleji mpaka shimoni kwake.

"Umepata?" Kapitolina aliuliza, na sauti yake ilikuwa imelainika, lile neno la asubuhi lilikuwa linamkereketa.

"Nimepata."

Akamwaga. Hawakurukaruka. Walishuka kama vumbi la mbao. Alimwaga gao la pili, la tatu, na kwenye la nne akakumbuka mkondo. Chini ya barafu maji hayakulala. Yalitoka upande wake kwenda upande wa Kapitolina, kila mtu pale alijua. Uoza wote ule ulikuwa unapita sasa hivi chini ya miguu ya jirani yake. Mkono ulisimama hewani. Halafu ukamwaga. Ukarudi sandukuni, ukamwaga tena, mpaka sanduku likaisha, naye hakuweza kusema baadaye kama lilikuwa tumaini au kisasi.

Kabla jua halijafika kwenye vilima, kamba ya Kapitolina ililegea. Aliivuta, akaitikisa, akabadilisha kinyoya cha chambo kwenye ndoano. Hamna. Akalala kifudifudi juu ya barafu, akajifunika koti kichwani, akachungulia shimoni. Alipoinuka uso ulikuwa mweupe.

"Umemwaga mizoga."

Stepanida alikunja kamba yake.

"Stepanida Yegorovna, ninasema na wewe! Umemwaga mizoga juu ya samaki wangu! Hawarudi hawa, unajua hawarudi mpaka barafu ivunjike! Watoto wangu watakula nini, mtaimbo wako?"

"Nenda kijiziwani, shoga," Stepanida alisema. "Kijiziwa si cha mtu."

Akashika kamba ya sleji, akaelekea nyumbani. Maneno hayo yalimfurahisha kwa hatua kumi hivi. Baada ya hapo hayakumfurahisha tena.

Usiku ule alikanda unga kwa sababu mikono ilitaka kazi. Asubuhi aliupika na viazi ndani. Alichemsha ngano akatia asali kijiko kimoja, akapika chapati za maji, akaweka kabichi ileile. Mbele ya picha ya Lavrenti aliweka gilasi ya vodka, fungu la marehemu, akaifunika kwa kipande cha mkate. Kisha akatazama meza na kuona jinsi ilivyo uchi. Alifikiria kufunga lango, azime jiko, atoroke aende kwa dada yake. Alishavaa hata buti moja.

Kengele ya farasi ililia nje. Ulyana alishuka kwenye gari la kuteleza akiwa amefungwa shali tatu, akaingia, hakusalimia. Alifunua mkate kwa kisu.

"Viazi."

"Viazi, mama."

"Mwanangu amevua maisha yake yote, anakumbukwa kwa viazi."

Kwenye arobaini watu hawaalikwi, wanakuja wenyewe, na sasa walikuwa wanaanza kujaa uani: fundi mitambo wa zamani wa shamba, mwuzaji wa dukani, vikongwe wa mtaa wa juu, Timofei na kofia yake mkononi. Hakuna aliyeingia. Walikuwa wanatazama langoni, kwa sababu Kapitolina alikuwa anakuja, koti wazi, ndoo tupu mkononi.

"Simameni hapo hapo!" alisema. "Kabla hamjatia mdomoni chochote cha mwanamke huyu, sikieni. Mnataka kujua kwa nini hakuna samaki? Wala kwake, wala kwangu, wala kwenu mpaka barafu iondoke? Amemwaga mizoga! Kwa makusudi! Amekwenda kijiziwani akachota uduvi wameoza—"

"Wameoza?" yule fundi alidakia. "Uduvi wa kijiziwani?"

"Wote! Nimekwenda mwenyewe alfajiri nikaona. Kijiziwa kizima kimekufa. Kimekosa hewa, hakuna hata shimo moja lililozibuliwa, barafu unene wa mkono, kwa sababu tangu Lavrenti... kwa sababu hakuna mtu..."

Sauti yake ilipungua, kama mtu anayekanyaga na kukuta hakuna ngazi. Alimtazama mumewe. Timofei alikuwa anatazama kofia yake.

"Mimi nilidhani wewe unakwenda," Kapitolina akamwambia.

"Mimi nilidhani fundi."

"Mie na mgongo huu?" fundi alisema, lakini polepole.

Kikongwe mmoja alijipiga ishara ya msalaba. Ulyana alikuwa amesimama mlangoni, kisu bado mkononi, akiwatazama mmoja mmoja. Majira yote ya baridi walikuwa wamekula kwa jasho la mabega ya mwanawe, na hakuna aliyejua, hata yeye.

"Nilimwaga," Stepanida alisema kutoka nyuma yake. "Nilijua mkondo unakwenda wapi. Ni kweli anachosema."

Ndoo ya Kapitolina iligonga goti lake. Watu walisogeasogea kwenye theluji, mmoja akaanza kugeukia lango, na Stepanida aliona kwamba sasa wataondoka, kila mtu na aibu yake, na Lavrenti atabaki na gilasi yake peke yake mezani.

Akampita mama mkwe, akashuka vidato na buti moja mguuni, soksi ya mguu wa pili ikilowa, mpaka mbele ya Kapitolina.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," Kapitolina alisema, macho yamejaa.

"Basi weka ndoo chini, Kapa. Ingia, kaa pale karibu na Lavrenti, ule. Viazi vinapoa."