Mkono wa Kushoto

...tena nimeishika finjani ya kahawa kwa kushoto, birika kulia, kinyume kabisa, na mgeni wa madam anauangalia mkono wangu kana kwamba nimemnyooshea kiatu, "Yamin, Beldina, yamin!" kulia, madam ananikemea, simu sikioni, anaongea na baba mwenye nyumba, nasikia bukra, nasikia ikama, nasikia dam... kesho napimwa damu ya ikama, kibali cha kukaa hapa, basi, halas, kesho wataniona, na mimi si mtu wa kuficha, nikiudhika nasema papo hapo, lakini hili nimelifukia ndani ya unga wa wimbi tangu nirudi kutoka likizo, vidonge vyangu vya ukimwi, na Eucabeth, nesi wa kliniki ya nyumbani, alivyocheka nikitia sahihi kwa kushoto, "Wewe na dawa yako ni ndugu, hata yenyewe inatumia kushoto," nikawaka, nikadhani ananikejeli, nikaenda kusoma mwenyewe kwa simu, neno moja moja, kumbe kweli, hii lamivudini, dawa yangu, ikitengenezwa maabara ina pacha wake, kama glavu mbili, vitu vilevile ila umbo limegeuzwa, yule wa kulia anakizuia kirusi lakini anaumiza mwili, wa kushoto anakizuia vilevile na mwili haumjali, kirusi kinajinakili kama mtu anayetunga shanga, kinaokota hii dawa, umbo limekidanganya, kinaitunga, kumbe haina tundu upande wa pili, uzi umeishia hapo... na umeishia kweli, sikohoi, sikondi, mazulia ya nyumba hii nayabeba peke yangu, lakini kipimo chao hakitafuti kirusi, kinatafuta alama ambazo mwili wangu uliweka ukipigana nacho, na hizo hakuna umbo la kuzifuta, ndugu yangu Zacharia ananipigia toka Jeddah, "Sister, toka hapo Riyadh, kuja mtaa wetu wa Hindawiyah, huku watu wanaishi bila ikama," wanaishi, Zacharia, na vidonge vikiisha niombe nani, wewe dereva, ama polisi, nikikaa wananirudisha kwetu, nikitoroka nakufa, chagua hapo, "Beldina! Yalla!" madam ananiharakisha, na huyu mgeni bado hajapokea, angojee, miaka yote naufundisha huu wa kulia adabu za watu... aka, sitoroki, kesho wakiuliza nitoe mkono gani wapime damu nitawapa huu wa kushoto, huu huu, wanifukuze nao, kahawa inapoa, finjani iko palepale hewani, kushoto, na siihamishi.