Pumba za Bibi Asiye na Kuku

1.

Msukule hali ugali. Hula pumba. Aliyechukuliwa na mchawi hafi. Mnazika shina la mgomba, mnalia, mwenyewe yuko shambani kwa mtu analima, ncha ya ulimi imekatwa.

Mimi Nyamizi huisimulia hivyo mashineni, kwenye foleni ya kusaga, na watu husogea.

Wewe pia umesogea.

2. Foleni, mimi nikiwa nimeshaondoka

— Bibi Nyamizi anafuga kuku?

— Kuku gani! Hana hata kifaranga.

— Nguruwe je?

— Muislamu yule, we Mama Shija!

— Basi pumba anampelekea nani?

Mashine ikazimwa.

3. Lugembe, mwenye mashine

Mimi nauza tu, jamani. Haleti mahindi, ananunua pumba. Nikamtania, bibi, zote hizi? Akacheka: "Wangu wanakula sana." Nikajua utani. Ila sasa naona

4.

Ukweli nakupa wewe peke yako. Asiye na cha kusaga wala cha kununua hasimami foleni. Mume wangu kafa, watoto wako mbali, simu zao zinaanza na "mama, nipo bize". Nanunua pumba nipate kusimama na watu.

Nyumbani nazijaza kwenye magunia. Yameegemea ukuta wa sebule, nimeyafunika kanga kwa ajili ya panya. Ile ya zambarau, pindo limechanika, ilikuwa ya dada yangu. Nikiingia nayauliza: "Mmeshindaje?"



5.

TANGAZO

Ofisi ya Mtaa inawatangazia wakazi kuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, kutakuwa na mkutano wa dharura. Ajenda: usalama. Kila kaya itoe mwanaume mmoja. Kaya ya mtu mmoja isisumbuke kufika.

6. Mama Shija, mkutanoni

Nimechungulia dirishani kwake, haki ya Mungu. Wamekaa ukutani, wamefunikwa kanga gubigubi. Anawasalimia, hawajibu. Watajibuje bila ulimi? Na yule wa pembeni... jamani, yule wa pembeni ana mabega ya Kashindye, mwanangu. Tuliyemzika masika.

(Sauti ya mwanaume: "Twendeni.")

7.

Wamekuja. Ua umejaa. Mapanga, na dumu la petroli limewekwa chini taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji. Mbele yao Mama Shija, kichwa wazi.

"Bibi. Kashindye wangu yumo humo?"

Neno moja tu, pumba, ningewaonyesha, wangenisonya, wangecheka, wangerudi makwao. Wote. Nami ningefunga mlango nibaki na

Hakuna anayekohoa. Mashineni hawajapata kunisikiliza hivi.

Nikaurudisha mlango nyuma yangu, nikakaa kizingitini.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia. "Nianzie siku aliyofika."