Tundu Kitakoni

Mto ulikuwa umeshuka mno. Mti wa kuinulia maji, ule alioutumia baba hadi siku alipougua, ndoo yake ya ngozi sasa ilining'inia juu ya matope. Mtama wetu ulianza kukunja majani. Nilikwenda kuutazama, nikarudi, nikaenda tena. Ukifa, hatukuwa na kingine cha kula mpaka mavuno ya baada ya mafuriko.

Ndipo baba mdogo Abratoye akajenga gurudumu kama lile aliloliona kaskazini: maksai azunguke, meno ya mbao yashikane, kamba ndefu iteremke mtoni na vyungu alivyofinyanga mama. Majirani walikuja kucheka.

"Abratoye, huyo ng'ombe anatwanga nini?"

"Midomo yenu! Haya, twende!"

Maksai akavuta. Vyungu vikateremka kifudifudi, vikagusa maji, vikaelea kama bata. Kamba ikalegea, ikajisokota. Watu wakashika mbavu.

Baba mdogo aliingia mtoni, akakigandamiza kimoja. Kikamrukia. Alipokiinamisha, kilibubujika, kikazama. Akatoka taratibu, bila kumtazama mama.

"Shemeji, hewa haina pa kutokea. Vinataka tundu kitakoni."

Kicheko kilikatika. Kwetu chungu hutobolewa kwa ajili ya maiti tu, kiandamane naye kaburini. Mama alikuwa ametoboa cha baba mwezi uliopita.

"Siwatobolei walio hai."

"Basi nifanyeje? Nivibembeleze vizame?"

"Usinitanie, Abratoye."

"Sikutanii. Alikuwa kaka yangu."

Mimi sikuweza kusimama pale tena. Nilichukua keke ya baba mdogo ya kutobolea mbao, nikapakata chungu, nikaanza kuzungusha. Ncha ikateleza.

"Utakipasua, Malewi. Lete hapa."

Mama akaketi mavumbini.

"Cha marehemu hupigwa jiwe, kisimtamanishe mwizi," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Hiki nakizungushia keke polepole. Hiki kina kazi."

Alitoboa vyote, hakuruhusu mkono mwingine. Jirani mmoja alitema mate chini, akaondoka. Wengine walibaki, wakavifunga kambani pamoja nasi.

Maksai akavuta tena. Vyungu vikazama kimoja baada ya kingine, vikapanda vimejaa na kumwaga mferejini, kila kimoja kikidondosha uzi wa maji.

"Vinavuja," mama alisema.

"Viache vivuje, shemeji. Tazama miguu yako."

Maji ya mfereji yalikuwa yamemfikia. Hakusogea. Nilikimbilia shambani mbele ya maji.