Jino la Mjomba Senaka

Mimi, Dilini, nakiri kwamba elimu yangu yote ya tiba niliipata kwa adhabu. Muhula uliopita nilifuga chura ndani ya sanduku la huduma ya kwanza la bweni, na mtawa mkuu wa shule akaniamuru ninakili kitabu kizima cha huduma hiyo, mara mbili. Kwa hiyo asubuhi ile Mjomba Senaka alipoteleza ngazini na jino lake la mbele likang'oka, zima na mzizi wake, nyumbani ni mimi tu niliyejua kwamba lazima lirudishwe kinywani ndani ya saa moja.

Bibi alilifuta kwa ncha ya sari, akalirusha juu ya paa na kumwomba kindi alete jipya, kama ilivyo desturi kwetu mtoto anapong'oka jino.

"Bibi! Huyo ana miaka arobaini na mbili! Kindi hamhudumii tena!"

"Usinipigie kelele. La mama yako nililirusha hivyo hivyo, na meno yake umeyaona."

Nikapanda paani. Lilikuwa limenasa kwenye mfereji wa bati, juu ya majani ya mfenesi. Nililishika upande wa kung'atia, nikalisuuza kwa maziwa, nikalitumbukiza katika kikombe cha maziwa mengine. Tukadandia bajaji, mimi na mjomba, hadi hospitali.

Dakika thelathini na tano zilikuwa zimekwisha. Karani alifungua daftari la kliniki la mjomba, akaona dawa za kutuliza sauti anazozisikia kichwani.

"Huyu aanzie wodi ya akili."

"Kwani kilichong'oka ni akili?" niliuliza kwa heshima zote.

Mjomba akacheka, damu ikamchuruzika kidevuni. Kicheko hicho kilimtoa nje daktari wa meno, Bi Ilangakoon, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. "Jino liko wapi? Ingieni."

Alisoma majina ya dawa za mjomba kwanza, ndipo akachagua sindano ya ganzi. Lakini mjomba alifumba mdomo.

"Sauti zinasema mtanitia waya."

Nilikuwa na uongo mtamu tayari ulimini. Daktari akaniwahi.

"Ni kweli, waya upo. Huu hapa, ushike. Utashikilia jino wiki mbili, kisha nitautoa ukiwa unatazama."

Mjomba aliupeleka sikioni. Akausikiliza kwa makini.

"Hausemi kitu," akaamua. "Nipeni kioo. Nikiinua mkono, unaacha."

"Naacha."

Aliinua mkono mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja daktari aliacha, hata ile mara ya tisa alipotaka tu kuangalia nywele zake. Dakika ya hamsini na sita, jino lilikuwa mahali pake.

Karani akaja na fomu. "Mlezi atie saini."

Nikanyoosha mkono kwa madaha. Mjomba akaichukua yeye, akatia saini ndefu yenye mikia miwili.

"Huyu ana miaka kumi na tano," alisema kwa kithembe. "Na jino ni langu."