Mstari wa Makofi

"Bado kuna mvumo," alisema Restituta, akavua spika za masikioni na kumpa Gidion. "Sikiliza mwenyewe."

Gidion akasikiliza. Chini ya kinanda alichokuwa amekipiga palikuwa na sauti nyembamba, kama nyuki waliofungiwa mzingani. Alichomoa chaja ya kishikwambi. Nyuki wakapungua, lakini hawakuondoka.

Kwenye mabenchi ya studio ile ndogo mjini Mbulu, wanakwaya wa kigango cha Masieda walikuwa wamebanana ndani ya masweta yao, wakimtazama mgongoni. Yeye ndiye aliyewaambia hakuna haja ya kutafuta wapiga vyombo. Vyombo vyote viko humu, aliwaambia akiinua kishikwambi: kinanda, besi, ngoma, filimbi. Wa kwanza kumwamini alikuwa Mwalimu Isidori, mzee aliyeanzisha kwaya hiyo kabla Gidion hajazaliwa, na aliyemfundisha kuimba.

"Tunapitisha sauti kwenye tundu la spika za masikioni, ndiyo maana inachafuka njiani," alisema Restituta. Studio ilikuwa yake. "Programu yako inahifadhi kila chombo peke yake?"

"Inahifadhi."

"Basi tuache kurekodi upya. Tuhamishe mafaili yenyewe kwa waya wa data. Yataingia kwenye kompyuta yakiwa safi kama yalivyo humo ndani."

Mafaili yakahama. Kila chombo kikajipanga kwenye mstari wake kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. Restituta akabonyeza, na kinanda kikatoka kwenye spika za studio kikiwa kipana, bila mvumo, bila mkwaruzo wowote.

"Jamani!" alisema Marieta, kiongozi wa sauti ya kwanza, akashika kifua.

Mwalimu Isidori alicheka kwa furaha. "Mnasikia? Niliwaambia kijana huyu atatufikisha."

Gidion aliinamisha uso ili wasione anavyotabasamu.

"Na mstari huu wa mwisho ni wa nini?" aliuliza Restituta.

"Ni makofi. Niliyarekodi kanisani wakati wa mazoezi, kwa kipaza cha kishikwambi."

Kwenye kishikwambi makofi yale yalifunikwa na ngoma. Hata yeye hakuwahi kuyasikia vizuri. Restituta alizima vyombo vingine ili ayapime. Makofi yakalia, yakakoma. Kisha ikaja sauti ya Gidion mwenyewe, ya karibu sana, kama anayemnong'oneza kila mtu sikioni.

"Mzee huyu anatuangusha, Festo. Sauti imekwisha, inatetemeka kama ya mbuzi. Tukifika Mbulu nitamwambia yule dada amzimie kipaza. Ataimba weee, wala hatajua."

Kikafuata kicheko cha Festo, mwanakwaya mwenzake. Halafu, kutoka mbali, upande wa altare, sauti ya Mwalimu Isidori: "Gidion, uko tayari? Au tukusubiri kidogo, mwanangu?"

"Niko tayari, mwalimu," ilijibu sauti ya Gidion.

Restituta akawahi kuzima.

Festo alikuwa anaangalia viatu vyake. Gidion hakugeuka. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, na mikono yake, iliyokuwa bado juu ya kishikwambi, ilionekana kama ya mtu mwingine. Alitamani ule mvumo urudi ufunike chumba kizima.

Benchi lililia. Mwalimu Isidori alikuwa amesimama.

"Dada, tunaweza kuanza kuimba?"

"Tunaweza, mzee wangu."

Kipaza kimoja kilikuwa kimewekwa mbele kwa ajili yake. Mzee alikiinua pamoja na stendi yake ya chuma, akakisogeza kwa Marieta, kisha akaenda kusimama nyuma ya wanaume wa besi, mahali ambapo mabega yao yalimficha.

"Mwalimu." Gidion aligeuka. "Mwalimu, rudi mbele, tafadhali."

"Wewe angalia mitambo," alisema Isidori, bila hasira. "Tuimbe."

Wakaimba. Masikioni mwa Gidion kila sauti ilifika ikiwa safi. Aliitafuta ya mwalimu wake na hakuipata. Aliona mkono tu, juu ya mabega ya wengine, ukipanda na kushuka, ukiwashikia mwendo. Wimbo ulitoka mzuri kuliko walivyowahi kuuimba, na uzuri huo ulimchoma. Restituta aliinua kidole gumba. Hakuna aliyeshangilia.

Baadaye walikunywa chai nje, wakizungumza Kiiraqw kwa sauti ya chini. Gidion alimpelekea mwalimu kikombe, akakitoa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nisamehe. Nilikuwa..." Alitaka kusema alikuwa anatania, akashindwa.

Isidori alipokea kikombe. "Sauti inatetemeka kweli. Naijua. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aje aniambie." Alipuliza chai, hakuinywa. "Nilidhani utakuwa wewe. Ungekuja nyumbani, ungeniambia, ningekaa pembeni, na tungekula."

Restituta akachungulia mlangoni. "Kile kipande cha maneno nikifute?"

"Muulize mwenye nacho," alisema mzee.

"Kifute," alijibu Gidion. Neno lilimtoka haraka mno, na haraka hiyo ikamwaibisha upya.

Walipokuwa wanarudi, kiti cha pembeni yake ndani ya basi kilibaki kitupu. Hata Festo alikaa mbele, akajifanya amelala. Walishuka Masieda wakati ukungu unaanza kuteremka kutoka vilimani. Watu wakaagana na kutawanyika. Mwalimu Isidori alifunga kifungo cha juu cha koti lake, akashika njia ya kupanda kwenda kwake.

Nyumbani kwa Gidion kulikuwa upande wa pili. Alisimama kidogo, kishikwambi kikiwa kwapani. Kisha akamfuata, kwa nyuma, kupita kando ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Mzee alisikia miguu yake. Hakupunguza mwendo. Wala hakumwambia arudi. Ukungu ulilifunika lile koti, ukaliachia, ukalifunika tena, na Gidion aliendelea kupanda.